Faili Liko Wapi na Ni Toleo Gani? Wasomaji Wauliza kuhusu Oracle E-Business Suite

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mafaili ya Oracle E-Business Suite, mfumo wa Oracle wa kuendesha hesabu, manunuzi na shughuli nyingine za ofisi, yamekaa wapi kwenye seva, na mtu atajuaje toleo lake bila kubahatisha. Mfumo huu una watumiaji wengi Uganda. Hata IFMS, ambao serikali inautumia kusimamia fedha za umma, umejengwa juu yake. Amri tulizozitoa hapa ni za Linux, na zinafaa kwa matoleo ya 12.1 na 12.2 ya mfumo huu isipokuwa pale tulipotaja tofauti.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Fomu yetu ya ankara za wateja, ARXTWMAI, inakwama kila tukitaka kukamilisha ankara. Tulipofungua tiketi, tuliombwa toleo la faili. Nikatuma tarehe niliyoiona kwa ls -l, nikajibiwa kwamba siyo hiyo. Toleo linasomwa wapi?
*Msimamizi wa mifumo, Jinja*

JIBU: Tarehe ya ls -l inasema tu lini faili liliguswa mara ya mwisho kwenye diski hiyo. Ukinakili seva kwenda ya majaribio bila kuhifadhi tarehe, mafaili yote yatavaa tarehe ya leo. Fomu ikikompailiwa upya nayo inapata tarehe mpya, ingawa msimbo wake ni ule ule wa miaka mitano iliyopita. Toleo limeandikwa ndani ya faili lenyewe, kwenye mstari unaoanza na neno $Header.

Kabla ya lolote, pakia mazingira ya mfumo. Kwenye 12.1 faili la mazingira liko ndani ya APPL_TOP, saraka kuu ya programu, na jina lake huanza na APPS, likafuatwa na jina la hifadhidata na la seva, likaishia na .env. Kwenye 12.2 ni EBSapps.env, na mwishoni unaongeza neno run. Yote mawili hupakiwa kwa nukta, nafasi, kisha jina:

. EBSapps.env run

Ukiisahau ile nukta, vigeu (variables) vitawekwa kwenye ganda (shell) dogo litakalojifunga papo hapo, na $AR_TOP itabaki tupu. Hapo cd itatafuta /forms/US, itashindwa, nawe utabaki ulipokuwa na huenda ukasoma faili ambalo silo. Hakikisha kwa echo $AR_TOP kabla ya kuendelea. Kisha tumia adident, zana ya Oracle ya kusoma mistari hiyo:

cd $AR_TOP/forms/US
adident Header ARXTWMAI.fmx

Utaona mistari kadhaa yenye umbo hili (namba hapa ni za mfano):

$Header: ARXTWMAI.fmb 120.45.12010000.5 2009/06/12 10:33:12 jina ship $

Usishtuke ukiona na mistari ya mafaili mengine kama APPSTAND.fmb. Fomu hubeba ndani yake vipande vya fomu za msingi, na kila kipande kinakuja na mstari wake. Tafuta ule wenye jina la fomu yako. Kunakili mstari wa juu kwa kuwa ndio wa kwanza ni kosa linalopoteza siku nzima za mawasiliano na watu wa msaada.

Kama adident haipo kwenye njia yako, tumia hii:

strings -a ARXTWMAI.fmx | grep -F '$Header'

Alama za kunukuu ziwe moja moja. Ukiweka za jozi, ganda litaona $Header ni kigeu, litakuta hakina kitu, na grep itakumwagia kila mstari wa faili. Herufi -F nayo ina kazi: inaiambia grep ichukue alama ya dola kama ilivyo.

Namba yenyewe isome kipande kwa kipande. 120 mwanzoni ni ukoo wa R12, yaani matoleo yote ya 12. 115 ni wa 11i, toleo lililotangulia. Ukikuta 12010000 katikati, ni tawi la 12.1, na 12020000 ni tawi la 12.2. Baada ya hapo ni kulinganisha kila kipande kama namba kamili: 120.10 ni jipya kuliko 120.9, ingawa macho na programu za jedwali hupenda kudai kinyume chake.

SWALI: Mimi ni mhasibu, sina ruhusa ya kuingia kwenye seva. Fundi wetu yuko Kampala, na kila nikimpigia ananiuliza toleo la fomu. Je, naweza kulipata kwenye skrini yangu?
*Gulu*

JIBU: Unaweza, tena jibu lako litakuwa na uzito kuliko la mtu aliye kwenye seva, kwa sababu wewe unaona faili ambalo mfumo umelipakia kweli. Fungua fomu yenye tatizo, nenda kwenye menyu ya Help, chagua About Oracle Applications, kisha teremka hadi sehemu ya Current Form. Pale pana jina la fomu, njia yake kamili kwenye seva na toleo lake. Piga picha ya skrini na uitume. Njia ya faili ni muhimu sawasawa na toleo: ikionyesha saraka ambayo fundi hakuitarajia, tatizo limeshapatikana.

SWALI: Nikiandika find na jina la fomu napata nakala tatu au nne mahali tofauti. Ipi ndiyo yenyewe? Tupeni ramani ya mafaili haya.
*Mbarara*

JIBU: Kila moduli ina saraka yake ya juu, na kigeu chake huishia na _TOP: $AR_TOP, $AP_TOP, $GL_TOP, $FND_TOP. Ukiwa na jina fupi la moduli lisilofanana na saraka, hifadhidata itakupa jibu:

select application_short_name, basepath from fnd_application;

Humo utaona, kwa mfano, kwamba SQLAP ya kwenye hifadhidata ni AP_TOP ya kwenye diski. Wengi hutafuta $SQLAP_TOP, ambayo haipo.

Fomu ndizo zinazochanganya zaidi. Chanzo chake, faili la .fmb, kwa moduli zote kimewekwa pamoja kwenye $AU_TOP/forms/US. Kikikompailiwa kinazaa .fmx, nalo hili linawekwa kwenye saraka ya moduli husika: $AR_TOP/forms/US kwa fomu za AR. Mtumiaji anaendesha .fmx peke yake. Kwa hiyo soma Header ya yote mawili. Yakipishana, na .fmb ndilo jipya, basi kiraka (patch, kifurushi cha marekebisho kutoka Oracle) kililileta chanzo lakini hatua ya kukompaili ilishindwa au ilirukwa. Dawa ni kuingia adadmin, zana ya utunzaji wa mfumo, na kuchagua kuzalisha upya mafaili ya fomu kwa fomu hiyo moja tu. Inawezekana pia kutumia frmcmp_batch kwa mkono, lakini nenosiri la APPS unaloliandika kwenye mstari wa amri linaonekana kwa yeyote atakayepiga ps kwenye seva hiyo. Tunashauri adadmin.

Maktaba za fomu, .pll na .plx, zipo $AU_TOP/resource. Ripoti za .rdf zipo kwenye reports/US ya moduli. Skripti zinazojenga pakeji za hifadhidata, za .pls, zipo patch/115/sql, na namba 115 imebaki hivyo hivyo hata kwenye R12, kwa hiyo usitafute patch/120. Programu zilizoandikwa kwa C, kama RAXTRX ya kuingiza ankara kwa mkupuo, ziko bin. Ukisoma RAXTRX kwa adident utapata orodha ndefu, kwa kuwa imeunganishwa kutoka mafaili mengi ya chanzo. Unalohitaji ni lile lililotajwa kwenye maelezo ya kiraka. Klasi za Java zinaanzia $JAVA_TOP/oracle/apps, na kurasa za .jsp ziko $OA_HTML.

Na US mwishoni mwa njia ni lugha, Kiingereza cha Marekani. Mfumo wenye lugha nyingine una saraka pacha kando yake, na kila lugha ina nakala yake ya fomu. Mtumiaji aliyeingia kwa Kifaransa haguswi na marekebisho uliyoyaweka chini ya US.

SWALI: Faili la AFSCGBLB.pls kwenye diski ni toleo jipya, nimelisoma mwenyewe. Lakini kosa lililotakiwa kuondoka bado lipo. Inawezekanaje?
*Lira*

JIBU: Kwa sababu faili la .pls lililo diskini halifanyi kazi yoyote. Ni skripti tu. Kinachofanya kazi ni pakeji iliyomo ndani ya hifadhidata, na katika mfano wako ni FND_GLOBAL. Iulize yenyewe:

select type, line, text from dba_source where owner = 'APPS' and name = 'FND_GLOBAL' and text like '%$Header%';

Utapata mistari miwili, mmoja wa PACKAGE na mwingine wa PACKAGE BODY. Mafaili yake pia ni mawili: AFSCGBLS.pls ni la tangazo na AFSCGBLB.pls ni la mwili. Linganisha yote mawili na yaliyo diskini. Marekebisho mengi hugusa mwili peke yake, hivyo si ajabu namba za S na B kutofanana. Cha kulinganisha ni mwili na mwili, tangazo na tangazo.

Zikipishana na diski, chanzo huwa ni kimojawapo cha haya: kiraka kiliendeshwa kwa adpatch (zana ya kubandika viraka) na chaguo la nodatabaseportion, mafaili yakanakiliwa na hifadhidata ikaachwa, au hifadhidata ilirejeshwa kutoka chelezo ya zamani huku mfumo wa faili ukibaki wa leo, au mtu aliendesha skripti ya zamani kwa mkono. La pili ndilo baya kuliko yote, maana haliishii kwenye pakeji moja. Ukiligundua, usianze kutibu faili moja moja. Rejesha vyote viwili kutoka wakati mmoja.

Kuna pia majedwali ya AD_FILES na AD_FILE_VERSIONS, ambayo watu wengi huyakimbilia kwanza:

select f.app_short_name, f.subdir, f.filename, v.version
from ad_files f, ad_file_versions v
where f.file_id = v.file_id and f.filename = 'AFSCGBLB.pls'
order by v.version_segment1 desc, v.version_segment2 desc, v.version_segment3 desc, v.version_segment4 desc;

Ni majedwali mazuri kwa kupata saraka ya faili usilolijua, maana safu ya subdir inakutajia. Panga kwa version_segment, kamwe usipange kwa safu ya version: hiyo ni maandishi, na 120.9 itakaa juu ya 120.10. Lakini kumbuka yanahifadhi kile ambacho zana za viraka zilikiona zikiwa kazini. Faili lililonakiliwa kwa mkono halimo. Ukishuku kuwa kumbukumbu na diski vimeachana, endesha kazi ya kutunza snapshot (picha ya mafaili na matoleo yake) kutoka adadmin ili mafaili yasomwe upya.

SWALI: Tulihama kutoka 12.1 kwenda 12.2. Niliweka ripoti iliyorekebishwa, ikafanya kazi wiki kadhaa. Baada ya kubandika viraka kwa adop, zana ya viraka ya 12.2, ripoti ya zamani ikarudi yenyewe. Nani ameirudisha?
*Taasisi ya fedha, Kampala*

JIBU: Hakuna aliyeirudisha. Mmehamia upande wa pili, na upande huo haukuwahi kuiona ripoti yenu mpya.

Tangu 12.2 ilipotoka mwaka 2013, programu zote ziko mara mbili kwenye diski: fs1 na fs2. Kila upande una APPL_TOP yake, COMMON_TOP yake, hata FMW_Home yake. Kwa wakati wowote mmoja ni run, unaotumiwa na watu, na mwingine ni patch, unaosubiri viraka. Hatua ya cutover inabadilishana majukumu hayo. Upande wa tatu, fs_ne, haubadilishwi. Humo mnakaa logi za adop na data isiyofuata mzunguko. Kwa hiyo njia kama /u01/fs1/EBSapps/appl/ar/12.0.0/reports/US ni ya kazini leo na ya akiba baada ya cutover. Skripti yoyote ya ofisini iliyoandikwa fs1 moja kwa moja ndani yake itakuja kusoma faili la zamani siku moja bila kutoa onyo lolote.

Kabla ya kusoma toleo kwenye 12.2, piga amri hizi kila mara:

echo $FILE_EDITION
echo $RUN_BASE $PATCH_BASE
adop -status

Ya kwanza inasema dirisha lako liko upande gani. Ya pili inakupa njia za pande zote mbili, na kwa hizo unaweza kusoma toleo la faili lile lile kwa mara moja pande zote. Ya tatu inaonyesha kama kuna mzunguko wa viraka uliofunguliwa na haujafungwa. Kama upo, ni kawaida kabisa kukuta toleo jipya upande wa patch na la zamani upande wa run. Kiraka kiko sawa, kinangoja cutover.

Sasa, kwa nini ripoti ilipotea? Hatua ya prepare inasawazisha pande mbili kwa kurudia viraka ambavyo upande wa pili haukuvipata. Inavijua viraka vilivyopita kwa adop peke yake. Faili ulilolinakili kwa cp halimo kwenye kumbukumbu zake, hivyo halivuki. Kuna njia mbili za kulivusha. Moja ni adop phase=fs_clone, inayonakili upande mzima wa run kwenda patch; ni ya uhakika, ila ni ndefu na haiendeshwi wakati mzunguko umefunguliwa. Nyingine, inayofaa zaidi kwa ofisi yenye mafaili mengi ya kwake, ni kuyaandikisha kwenye $APPL_TOP_NE/ad/custom/adop_sync.drv. Humo unaweka mstari wa rsync unaotumia %s_current_base% kwa upande uliopo na %s_other_base% kwa upande wa pili:

rsync -zr %s_current_base%/EBSapps/appl/xxfin %s_other_base%/EBSapps/appl

Andika kati ya alama za mwanzo na mwisho wa sehemu ya marekebisho ya mteja zilizomo ndani ya faili hilo. Baada ya prepare inayofuata, nenda $PATCH_BASE ukalisome toleo kwa macho yako kabla ya kufika cutover.

Hifadhidata nayo ina pande zake, zinazoitwa edisheni. Ukiwa umeingia kupitia mazingira ya run, dba_source inakuonyesha edisheni ya run tu. Uko edisheni gani?

select sys_context('userenv','current_edition_name') from dual;

Ukitaka kuona edisheni zote kwa pamoja, tumia dba_source_ae badala ya dba_source, na uongeze safu ya edition_name. Mara nyingi mabishano ya watu wawili ofisini, mmoja akiapa pakeji ni mpya na mwingine akiapa ni ya zamani, huishia hapo: wote wanasema kweli, kila mmoja kwenye edisheni yake.

SWALI: Tuna seva mbili za programu nyuma ya kisawazishi mzigo (load balancer), kinachogawa watumiaji kati yake. Kosa lile lile asubuhi lipo, mchana halipo, kisha linarudi. Watumiaji wametuchoka, na Juni 30 tunafunga mwaka wa fedha.
*Mukono*

JIBU: Tabia hiyo ndiyo dalili kubwa ya seva mbili zenye matoleo tofauti. Anza kwa kujua mfumo unazitambua seva zipi:

select node_name, support_forms, support_web, support_cp from fnd_nodes;

Kisha uliza kama zinatumia APPL_TOP moja ya pamoja au kila moja ina ya kwake. Amri ya df kwenye saraka hiyo itaonyesha kama ni diski ya mtandao. Kama kila seva ina yake, kiraka kilichobandikwa kwenye moja hakikufika kwenye nyingine isipokuwa mtu alikipeleka. Soma toleo kwenye kila seva:

ssh app2 '. /u01/EBSapps.env run >/dev/null; adident Header $AR_TOP/forms/US/ARXTWMAI.fmx'

Alama moja moja za kunukuu tena zina kazi yake: zinahakikisha $AR_TOP inasomwa kule app2. Ukiweka za jozi, seva uliyokaa itabadilisha kigeu hicho kwa njia yake yenyewe kwanza, na ukilinganisha unaweza kusoma mahali ambapo sipo. Kwa mafaili yasiyo na Header, linganisha kwa sha256sum. Ila usitumie sha256sum kwa .fmx, maana fomu moja ikikompailiwa mara mbili inaweza kutofautiana kwa baiti huku toleo likiwa lile lile.

Matoleo yakifanana kila mahali, angalia nani ameingia tangu lini. Mtumiaji aliyeacha fomu wazi tangu asubuhi bado ana nakala ya asubuhi kwenye kumbukumbu ya seva. Atoke kabisa kwenye mfumo, aingie upya, ndipo ajaribu. Kwa wiki ya kufunga mwaka tunasema bila kusita: toeni ile seva yenye toleo la zamani kwenye kisawazishi mzigo hadi isawazishwe. Seva moja yenye pumzi fupi ni afadhali kuliko mbili zinazotoa hesabu tofauti.

SWALI: Kurasa za iProcurement, moduli ya manunuzi, na nyingine zinazofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari hazina menyu ya Help ya namna hiyo. Nilijaribu pia kubadili faili la XML la ukurasa diskini, hakuna kilichobadilika.
*Entebbe*

JIBU: Weka profaili ya FND: Diagnostics kuwa Yes kwa mtumiaji mmoja wa kupimia, si kwa kampuni nzima. Chini ya ukurasa kitatokea kiungo cha About this Page. Kifungue, upanue yote, na utaona ukurasa, klasi inayouongoza na vipengele vyote vya data vyenye matoleo yake.

XML uliyoibadilisha haisomwi. Kurasa hizi hupakiwa ndani ya hifadhidata, na mfumo husoma humo. Tazama nakala halisi:

set serveroutput on
exec jdr_utils.printDocument('/oracle/apps/fnd/framework/navigate/webui/HomePG');

Toleo litakuwa mwanzoni, kwenye sifa ya file-version. Rudisha lile faili la diskini kama lilivyokuwa. Marekebisho ya kurasa hizi yafanywe kwa ubinafsishaji wa ukurasa wenyewe.

Klasi za Java nazo zina mtego kwenye 12.2. Klasi zenu wenyewe mkizinakili kwenye $JAVA_TOP, hazianzi kutumika mpaka muendeshe adcgnjar, inayozifungasha kwenye customall.jar, kisha muwashe upya huduma za oacore, zinazoendesha kurasa za kivinjari. Mkisoma faili la .class mtaona jipya, huku seva ikiendelea kutumia lililofungashwa zamani.

SWALI: Kwa kifupi tu: nitajuaje kama kiraka fulani kimo?
*Tororo*

JIBU: Kwenye 12.1 tafuta namba yake kwenye AD_BUGS. Usiishie AD_APPLIED_PATCHES, kwa sababu kiraka kilichokuja ndani ya kiraka kikubwa hakionekani huko. Kwenye 12.2 AD_BUGS inaweza kuwa na kiraka cha mzunguko uliofutwa, kwa hiyo uliza hivi, ukiweka namba yako mahali pa hii:

select ad_patch.is_patch_applied('R12', -1, 12345678) from dual;

Toleo la mfumo mzima liko kwenye safu ya release_name ya FND_PRODUCT_GROUPS, na viwango vya AD na TXK viko kwenye safu ya codelevel ya AD_TRACKABLE_ENTITIES.

SWALI: Mafaili tuliyoandika wenyewe ya kupeleka ankara EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), hayana Header. Mkandarasi ameondoka, na hatujui kilichopo kwenye seva ni toleo gani. Tufanye nini?
*Msambazaji wa bidhaa, Kampala*

JIBU: Anzeni na kilicho hai, si kilicho kwenye kompyuta ya mkandarasi. Toeni pakeji kutoka dba_source, chukueni mafaili ya saraka yenu ya XX (ya msimbo wenu wenyewe) kutoka seva ya kazini, na muyaweke yote kwenye Git, zana ya kuhifadhi historia ya msimbo, kama toleo 1.0. URA iliyafanya matumizi ya EFRIS kuwa ya lazima kwa waliosajiliwa VAT kuanzia Januari 2021, kwa hiyo msimbo huu unagusa kodi kila siku. Haifai kuujenga upya kwa kukisia.

Kisha kila faili lipewe mstari wake wa Header kwa umbo lile lile la Oracle, ili adident ilisome kama mengine. Mahali pa kuuweka panategemea aina ya faili. Kwenye pakeji, uwe baada ya neno AS:

create or replace package body xx_efris_pkg as
/* $Header: XXEFRISB.pls 1.1 2025/03/04 09:00:00 fedha ship $ */

Ukiuweka juu ya create, hifadhidata haiuhifadhi na dba_source haitauonyesha. Kwenye Java usiwe maoni, kwa kuwa kompaila huyatupa. Uwe tungo ndani ya klasi, yaani public static final String RCS_ID ikifuatwa na maandishi ya Header. Kwenye fomu, toleo linaloonekana kwenye About linatoka kwenye wito wa FND_STANDARD.FORM_INFO ndani ya kichochezi cha PRE-FORM, kwenye $Revision. Wengi hunakili fomu ya kiolezo na kuacha namba ya kiolezo humo, kisha fomu kumi zinatangaza toleo moja.

Msitegemee Git iwajazie namba. Alama yake ya $Id$ huweka heshi ya maudhui, ambayo haikuambii kipi kimetangulia kipi. Namba ipandishwe na skripti yenu ya kupeleka msimbo, na skripti hiyo hiyo ikimaliza isome dba_source kwenye seva ya kazini na ikatae kutangaza mafanikio kama namba haikulingana na ile iliyoipeleka.